Kishikwambi Kisicho na Laini

Nakumbuka Ijumaa moja nilivyoshuka kwenye Hiace pale Murongo mpakani, nimekumbatia kishikwambi kifuani kama mtoto mchanga, namtafuta mume wangu katikati ya magunia ya maharage. Aliponiona akashtuka. "Mama Zubeda, kuna msiba?" Nikamwambia, "Hakuna msiba. Nimefuata mtandao." Wachuuzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi machozi yalikuwa karibu.

Mwanangu, juzi ulikuja dukani kwangu hapa Kayanga, ukachagua kitenge, halafu ukaniuliza kama mtu anayeulizia bei ya sindano: kishikwambi utakachompelekea baba yako kule Kibingo kiwe cha laini, au kile cha bei nafuu kisicho na laini, maana jirani yake ana simu, atamrushia mtandao. Nilikuwa na wateja, nikakujibu juu juu. Jibu langu lenyewe ndilo hili, na ni refu kidogo, univumilie.

Mimi kwetu Pangani. Niliolewa nikaletwa huku kwenye migomba na baridi za asubuhi, nikazoea, hata Kinyambo nikakisema ovyo ovyo mpaka mawifi wakachoka kunicheka. Kitu kimoja sikukizoea, nacho ni kukaa bila kumwona mama. Ilipita miaka tisa. Kila mwaka nasema Idi hii nakwenda, na kila Idi duka linanishika.

Basi mama akapata presha ya macho. Daktari akamwambia kuona kwake kunapungua na hakutarudi. Mama yangu alikuwa mcheshi, akanipigia: "Mwanangu, haya macho yanataka kufunga duka. Fanya nikuone kabla."

Simu yangu ilikuwa ya tochi, na ya mume wangu kamera imekufa. Nikaenda kununua kishikwambi ili mama anione. Muuzaji akaniuliza, "Cha laini au kisicho na laini?" Nikajiona mjanja. Laini ya nini, na bando la kila wiki la nini, wakati mume wangu ana mtandao kwenye simu yake na atanirushia? Nikachukua kile rahisi. Hela iliyobaki nikakinunulia kava lenye maua. Ujana nao! Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, usinicheke.

Kule kwa mama, mwenye simu kubwa alikuwa Mwanaidi, mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa anafanya kazi Tanga mjini, anafika Pangani Ijumaa tu, anarudi na gari la jioni. Na Ijumaa ndiyo siku ya mume wangu kwenda Murongo kununua maharage. Aliniahidi atakuwa anarudi kabla ya alasiri. Ijumaa ya kwanza gari likaharibika. Ya pili mzigo ukachelewa. Ya tatu hata sikuuliza. Simu yenye mtandao inazurura Kyerwa huko mpakani, mimi nimekaa nyumbani na kava langu la maua. Mwanaidi akaniambia, "Mama mdogo, bibi tangu adhuhuri ameshaoga, amevaa ile doti ya kanga uliyomtumia, amepaka wanja, amekaa mkekani anakusubiri." Anapaka wanja macho yale yale! Neno hilo linanichoma hadi leo.

Ijumaa ya nne ndipo nikafunga duka, nikamfuata mume wangu Murongo. Maskini, aliacha mizani yake, akanirushia mtandao. Kishikwambi kikashika, halafu kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kumbe simu yake ilikuwa imenasa mtandao wa ng'ambo ya mto, wa Uganda, na bando letu huko halina kazi. Tukatembea kuirudia barabara ya huku kwetu, yeye mbele ameinua simu juu, mimi nyuma jasho linanitoka. Mtandao wetu uliporudi, Mwanaidi alikuwa ameshapanda gari. Nikampigia mama kwa simu yangu ya tochi. "Haya, Ijumaa nyingine," akasema. Hakunilaumu, na bora angenilaumu.

Nikaamua kukiuza, kava na yote, nichukue cha laini. Ilinichukua wiki tatu kumpata wa kukinunua.

Ijumaa iliyofuata, cha laini kiko mkononi, nikapiga, ikapokelewa hapo hapo. Picha safi! Mama yangu huyo, amekonda, wanja machoni, doti ile ile. Nikapiga kelele, "Mama!" Akageuza uso kuitafuta sauti, akatabasamu, akasema, "Mwanaidi, washa taa basi, mbona simwoni?" Ilikuwa saa tisa mchana.

Mwanaidi hakuinuka kuwasha taa. Mama akaelewa mwenyewe. Akasema, "Haya, nieleze. Umenenepa?"

"Nimenenepa, mama."

"Kovu la kidevuni?"

"Lipo."

"Mvi?"

"Mbili tatu."

Nikawa namweleza mama yangu mzazi sura yangu, kama mtu anayeeleza mzigo uliompotea stendi. Akanyoosha mkono anishike. Vidole vikapapasa kioo, vikagusa pale pa kukatia simu. Ikakatika.

Nilikwenda Pangani mwezi ule ule. Alinipapasa uso kwa mikono miwili, tukalia, tukacheka. Akaishi miaka mingine minne, Mungu amrehemu. Ila kuniona, hakuniona tena. Nimemkumbuka mama yangu kwa mengi, mwanangu, lakini nikishika wanja ndipo namkumbuka zaidi.

Sasa nisikilize. Kama kishikwambi ni cha watoto kuangalia katuni, usitupe hela yako, chukua kisicho na laini. Lakini hicho cha baba yako kitie laini yake mwenyewe, ukiungie bando kila wiki, hata lile dogo. Na kwa kuwa Kibingo nako ni Kyerwa, karibu na mpaka, mwambie muuzaji akifunge kisinase mitandao ya ng'ambo. Mtandao wa jirani una safari zake na shamba lake. Baba wa watu asikae mlangoni amenyoa ndevu, anasubiri jirani arudi kutoka mnadani. Halafu kikishakuwa tayari, usikitume kwa basi. Kipeleke mwenyewe, na usiseme Krismasi, maana na mimi nilikuwa nasema Idi.

Mungu akufikishe Kibingo salama. Akujalie umkute baba yako amekaa nje, akuone kwa mbali unavyotokea kwenye migomba, akutambue kwa mwendo wako kabla hujapiga hodi.