Mstari Ulionakiliwa Mtandaoni

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kuandikisha watoto katika shule moja ya awali hapa Kashaulili. Mbele yangu alisimama mama kutoka Kasokola na mwanawe. Kompyuta ilimkataa mtoto, kwa kuwa jina lake la mwisho halikuwa la baba yake.

"Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe," mama alisema, akigonga meza kwa kidole. "Nyie mnataka nimbatize upya?"

Binti aliyeketi kwenye kompyuta, ndiye aliyetengeneza programu ya kuandikisha, aliinama. "Samahani mama, mstari wa programu unaodai jina la baba niliunakili mtandaoni."

"Basi aliyeuandika hajafika Kasokola!"

Binti akacheka, akaufuta mstari, na mtoto akaandikishwa kwa jina lake zima.

Langu, nilipoandikishwa shule utotoni, mwalimu alilifupisha kwa wino, na wino haufutiki.