Mzee Kipketer na Mshipi Alioufungua

Anyango alizinduka akiwa amening'inia, kichwa chini, miguu juu.

Gari lilikuwa limelalia paa ndani ya mtaro. Mshipi umemkaba kifua, pumzi inaingia kwa shida.

Akageuza macho kushoto.

Kiti cha baba mkwe wake kilikuwa tupu. Mlango umefungwa. Kioo cha mbele hakipo.

"Baba?"

"Baba!"

Anyango, mama ya Jerry, ni jirani yangu hapa Kaptembwo, Nakuru. Haya alinisimulia mwenyewe, akaniambia niyaandike watu wasome.

Asubuhi hiyo alikuwa anamtoa Mzee Kipketer, baba ya mumewe Kemboi, kwao Olenguruone, amlete Nakuru kliniki ya macho. Kemboi alikuwa kazini. Mzee ni mtu wa heshima zake, kiongozi kanisani. Lakini mshipi wa gari? Hapana.

"Mama Jerry, mimi si ng'ombe nifungwe kamba."

"Baba, tafadhali. Askari wako hapo mbele."

Mjaluo ameolewa kwa Wakalenjin, ataanzia wapi kubishana na baba mkwe? Alimbembeleza tu, mpaka mzee akaufunga akinung'unika. Kwa kizuizi askari wakachungulia, wakaona kila kitu sawa, wakawaambia wapite.

Mbele kidogo, kwenye ukungu, ng'ombe akaingia barabarani ghafla.

Anyango akakata usukani. Gari likabingirika.

Wanakijiji waliomtoa Anyango walimpata mzee kwa shamba la viazi, mbali na gari. Alikuwa hai, shukrani kwa Mungu. Lakini mguu ulikuwa umevunjika, na taya pia. Madaktari wakalifunga taya kwa waya. Hawezi kutamka neno.

Afisa wa trafiki aliyekuja kuandika taarifa anaitwa Kamande.

"Madam, huyu mzee alikuwa amefunga mshipi?"

"Ndiyo, afande. Niliona kwa macho yangu."

"Na aliyefungwa mshipi anarushwaje nje kwa kioo?"

"Labda uliachia."

Gari likakaguliwa. Mshipi mzima. Ukichomeka, unashika vizuri kabisa.

Kamande akamwangalia vile unamwangalia mtu umemshika na uongo. "Ya kuendesha vibaya utajibu. Na hii ya kudanganya polisi tutaongea."

Nyumbani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Kemboi hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Sema tu ukweli, Anyango. Hukumwambia afunge."

"Nilimwambia! Na akafunga!"

"Kwa hivyo mzee alipaa?"

Hospitalini, akiingia tu, mazungumzo yanageuka Kikalenjin. Anakaa mwisho wa benchi kama mgeni. Mzee akimwona, anageuza uso ukutani.

Hata yeye akaanza kujishuku. Anaosha vyombo, anasimama na sahani mkononi. Niliona kweli? Ama nilitaka tu kuona?

Arudi kwao? Watasema amekimbia hatia. Akubali kosa? Atabaki nalo maisha yake yote. Kila upande ukuta.

Siku waya ilipotolewa, familia yote ilijaa wodini. Kamande naye akaja kuchukua maelezo. Anyango alisimama karibu na mlango.

Mzee akaongea pole pole, sauti inakwaruza.

"Mshipi nilifunga. Tulipowapita askari, nikaufungua chini ya koti. Nilifanya taratibu, huyu mama asisikie."

"Baba," Kemboi akasema, "labda ni hizi dawa..."

"Nyamaza! Nilikuwa nawasikia mkimsema, hapa hapa kitandani kwangu. Mdomo ulikuwa umefungwa, lakini kichwa je? Ningetikisa kichwa tu mara moja. Niliona aibu."

Akamgeukia Kamande. "Andika jina langu."

"Mzee, dereva bado atajibu ya uendeshaji wake. Lakini abiria akikataa mshipi, hilo ni kosa lake mwenyewe kisheria."

"Ndiyo maana nakuambia uandike."

Baadaye alifika mahakamani kwa magongo, akakubali kosa lake mbele ya watu wote.

Lakini siku ile ya wodi, Anyango hakushangilia. Alitoka nje, akaegemea ukuta. Kemboi akamfuata mbio.

"Mama Jerry, nisamehe. Aki nisamehe."

"Tangu ajali nalala upande mmoja," Anyango akamwambia. "Huku mbavu zinauma mpaka nashindwa kupumua. Hujaniuliza hata siku moja kama niliumia."

Kemboi akarudi ndani kumwita daktari.

Ndugu yangu, ukipanda gari la mtu, funga mshipi, na askari wakibaki nyuma uuache hivyo hivyo. Ukiufungua kisirisiri, anayebaki kuulizwa ni dereva, na wewe huenda usiwe na mdomo wa kumtetea.

Na kama kosa ni lako, sema mapema. Hata kwa kutikisa kichwa.