Miguu ya Kesho

Mkimbiaji wetu wa Gisenyi ni binti wa mwanamke aliyeshinda mbio za Rugerero akiwa na mimba yake, na mjukuu wa mwanamume aliyeendesha baiskeli hadi Kigali kwenda kuposa. Miguu yake haichezei: hata ngazi huzipanda polepole kama bibi harusi. Jana rafiki yake Habib alituchukua kwa gari kuvuka nchi hadi Rwamagana, mimi kwa dada yangu, yeye kwenye mchujo wa timu ya taifa. Tulipofika Mukamira gari likazimika.

“Shuka tusukume,” Habib akasema.

“Miguu hii iko ya kesho,” akajibu, akahamia kwenye usukani.

Habib akasukuma peke yake, gari halikusogea. Msichana akanitazama kwenye kioo.

“Bibi, pole. We kesho hauna mbio. Shuka umusaidie.”