Mikono Miwili ya Bi Chuma

Pale kliniki ya ngozi mfagizi walimwita Bi Chuma, na jina alilipenda. Alikuwa mjane, miaka kumi na moja anakula peke yake. Siku mlango ulipombana kidole, alikifunga kitambaa akaendelea kupiga deki. Aseme anaumia, amwambie nani?

Basi daktari akaletewa jeli mbili za ganzi, achague moja ya kuwapaka watoto kabla ya kuwakata chunjua. Moja ilitaka nusu saa tu. Nyingine saa nzima, tena ifunikwe kwa plastiki. Daktari moyo wake ulikuwa kwenye ile ya haraka, maana foleni ilifika nje. Akaomba mtu wa kujaribia. Kila mmoja akakumbuka ana kazi mahali.

"Mimi hapa," akasema Bi Chuma.

Muuguzi akampaka ya saa nzima mkono wa kulia, na ilipobaki nusu saa akampaka ya haraka mkono wa kushoto. Bi Chuma akakaa kwenye benchi muda wote ule, mikono mapajani kama mizigo ya mtu mwingine. Hakuna aliyekuja kukaa naye.

Sindano ikaanza na mkono wa kulia.

"Unasikia, mama?" daktari akauliza.

"Kama unachoma ukuta."

Ikaja kushoto. Moto ukampanda hadi kwapani. Akajikaza kisabuni.

"Na huu?"

"Hakuna kitu."

"Basi zote sawa," daktari akasema, kalamu mkononi. "Tunaagiza ya haraka."

Muuguzi akacheka. "Dokta, huyu hata ukimkata mguu, atakuuliza kama umeshamaliza!"

Bi Chuma naye akacheka, kisha akakoma. Yeye ndiye hupiga deki nje ya mlango wa chumba hiki watoto wanapokatwa. Vilio vya watoto anavijua kimoja kimoja.

"Dokta, weka kalamu chini."

"Kuna nini?"

"Huu wa kushoto unauma." Sauti ilimtoka nyembamba, mwenyewe hakuitambua. "Unauma sana. Nimewadanganya."

Muuguzi akaudaka ule mkono, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Jamani, pole mama. Mbona hukusema?"

Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Daktari akakata alichoandika, akaandika ile ya saa nzima, akaita mgonjwa wa kwanza. Muuguzi akauachia mkono, akakimbilia mlango.

Bi Chuma akabaki ameunyoosha vile vile kwa kitambo, kisha akaenda kuchukua ndoo.