Alama ya Shubiri kwenye Mwanzi wa Kasyoka

Kasyoka wa Mahoo amevua samaki kwa ndoano tangu akiwa na miaka tisa, na sasa ana sitini na moja, na hakuna aliyewahi kumpa pole wala hongera. Maneno alipewa, tena mengi. Baba yake, Mkamba aliyeletwa Taveta na kazi ya mkonge, alisema samaki ni ndugu ya nyoka, na msichana anayeshinda mtoni Lumi na pini iliyopindwa atakosa mume. Mume akapatikana, na mzuri tu, Munyoki. Mama mkwe naye akasema haya, binti tumempokea, lakini hiyo mizoga yake isikanyage jikoni kwangu.

Basi Kasyoka akawa anapika nyuma ya banda la mbuzi, kwa sufuria ya peke yake ambayo ukoo mzima uliiita sufuria ya nyoka. Mvua ikinyesha, anapika huku ameshika mwavuli. Unafikiri aliacha? Thubutu! Mama mkwe alishakwenda zake, Mungu amlaze pema, na sufuria ingali ipo. Munyoki mpaka leo samaki haonji, ila ndiye anayemkatia mkewe mianzi ya kuvulia. Ukimuuliza sababu anakuambia, "Nilioa kichwa ngumu, nifanye nini sasa?"

Miaka sita iliyopita, Rayhana, muuza leso wa Voi, alifika ziwa Jipe kununua samaki aina ya ngege akakuta mashua hazijarudi. Kasyoka alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, akamsogezea mwanzi wa pili. "Kaa hapa, dada. Utangoja mpaka lini?" Rayhana alicheka, maana kwao pwani samaki ni wa bahari, hawa wa ziwani huwapikia wageni tu. Akakaa. Alipomtoa ngege wake wa kwanza alipiga kigelegele kilichowazamisha viboko kule mbali. Jumamosi iliyofuata akaja na dada yake.

Siku hizi wanawake wako kumi na mmoja, na Kasyoka wa kumi na mbili. Anawafundisha bure: kutia mnyoo kwenye ndoano, kukata kipande cha ndara kuukuu kiwe cha kuelea, kukaa mbali na ukingo wa matope wanapopenda mamba. Sheria yake ni moja. Kila mwanzi, Munyoki anauchoma alama kwa msumari wa moto, shubiri moja kutoka kwenye kishikio, shubiri ya mkono wa Kasyoka mwenyewe. Samaki analazwa hapo. Asipofika alama, anarudi majini, hata kama ndiye peke yake uliyempata kutwa nzima.

Sheria hiyo ndiyo iliyomletea balaa. Mwaka huu, kwenye mkutano wa wavuvi, alisimama na beseni la vitoto vya ngege vilivyotolewa na nyavu za mwenyekiti, Bwana Mbaruk, mtu wa Voi mwenye mashua tatu. "Hawa ni samaki au ni dagaa?" akauliza. Watu wakacheka. Mbaruk hakucheka. Mkutano uliofuata ukapitisha kwamba asiye na mashua haruhusiwi kuvua ufuoni, na atakayeonekana na mwanzi atanyang'anywa. Mwenye mianzi pale ni nani mwingine? Waseme tu walimtaka Kasyoka aondoke. Na Kasyoka bila ufuo ule ni nini? Ni bibi kizee wa Mahoo anayepalilia migomba na kungoja Jumapili.

Jumamosi akaenda. Wote kumi na wawili walienda, mianzi begani, mchana kweupe, wakapita katikati ya mashua wakisalimia kila mtu kwa sauti.

Hawajamaliza saa moja, Mbaruk akaja na wanakamati wawili.

"Hujambo, Mama Mutindi." Ufuoni Kasyoka huitwa kwa jina la mwanawe.

"Sijambo, Mwenyekiti. Sogea kidogo, kivuli chako kinanifukuzia samaki."

"Mama, tafadhali tusiaibishane. Jambo hili tulikwisha kukubaliana."

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nikikataa."

"Basi naomba huo mwanzi."

"Unautaka?"

"Nautaka."

"Haya. Shika."

Akaushika, na ndara ikazama. Mbaruk akavuta kwa nguvu zake zote.

"Usivute hivyo!" Kasyoka aliruka. "Mpe uzi! Aaa, huyo si ng'ombe! Mwache aende kidogo... sasa mrudishe. Polepole, Bwana Mbaruk, polepole!"

Mtu yule alikuwa ametoa samaki ziwani kwa magunia, lakini hakuwahi kumsikia samaki mmoja aliye hai akibishana naye mkononi. Alitoa ulimi nje bila kujua. Ngege alipotoka, Mbaruk alicheka kicheko ambacho hata wanakamati wake hawakukijua.

Kasyoka akamlaza samaki kwenye alama. Alipungua vidole viwili.

"Hajafika. Mrudishe."

"Huyu nimemvua mimi."

"Kwa mwanzi wangu. Mrudishe."

Wanawake wote walikuwa wamegeuka. "Mrudishe, kaka," Rayhana akasema taratibu. Mbaruk akainama, akamwachia samaki majini. Aliposimama aibu ilikuwa imempanda kichwani. Akaamuru mianzi yote ikusanywe, ikafungwa kwa kamba ya katani, akaondoka nayo.

Kasyoka alilia. Hakuficha, alilia kwa hasira njia nzima mpaka nyumbani. Munyoki alimtazama, akachukua panga nyuma ya mlango.

"Mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Nitakata kumi na mitatu," akasema. "Mmoja wa akiba. Leta mkono nipime shubiri."

Jumamosi iliyofuata walirudi na mianzi mibichi, bado inanuka moshi wa msumari. Hofu Kasyoka alikuwa nayo, lakini alitangulia mbele. Walipozunguka matete wakakuta mtu amekaa peke yake kwenye jiwe la Kasyoka, suruali imekunjwa mpaka magotini, mkononi ana mwanzi mkuukuu ambao Kasyoka angeutambua hata akiwa amefumba macho. Mtu huyo akamtoa ngege. Akamlaza kwenye alama, akamtazama sana, akaguna, akamrudisha majini.

Kisha akageuka, akawaona wote kumi na wawili wamesimama nyuma yake.

Mbaruk alikohoa. Akavaa uso wake wa mkutanoni.

"Mama Mutindi, ile marufuku bado ipo."

Kasyoka akaangalia huku na huku ufuoni. "Mashua yako iko wapi, Mwenyekiti?"

Mbaruk akautazama mwanzi uliokuwa mkononi mwake.

"Basi anza kujikamata wewe," Kasyoka akamwambia, "ukimaliza uje kwetu. Na utoke kwenye jiwe langu."

Mbaruk akasogea. Kasyoka akakaa, akatia mnyoo kwenye ndoano, akatupa.