Mama wa Kufichwa Ghalani

Gladwell alikuwa akimenya viazi vya wageni pale mumewe, Kinoti, alipoingia jikoni na kumwambia amhamishie Mama ghalani.

"Ghalani? Kwenye viazi vya mbegu?"

"Kwa muda tu, Mama Joyline. Mchungaji anakuja na watu wa ushirika. Unajua vile chumba kile kinanuka."

Gladwell alijua. Tangu kiharusi kimwangushe Kaari, mama mzazi wa Kinoti, ni yeye mkazamwana aliyemwosha, akamlisha na kufua mashuka kwa maji baridi ya kijijini kwao Kibirichia. Akiomba msaada, Kinoti huwa keshavaa koti. "Mungu kwanza," husema, na kwenda zake kwenye vikao vya wazee wa kanisa. Sasa wageni hawa walikuwa wanakuja kumwombea Gladwell mwenyewe. Kinoti alikuwa amesimama kanisani akasema mkewe amepoa kiimani, Jumapili haonekani.

Aliweka kisu chini. Alimwosha Kaari, akamfunga kitambaa safi kichwani, akambeba mgongoni hadi sebuleni, ambako wageni waliokwisha kufika walikuwa katikati ya wimbo. Wimbo ukakatika.

"Mmekuja kuniombea," alisema, huku akimlaza kwenye kochi. "Huyu ndiye Jumapili yangu. Baba Joyline alitaka nimfiche ghalani mpaka mwondoke."

"Unaniaibisha mbele ya watu!" Kinoti alifoka.

"Mimi? Mungu unayemtanguliza wewe, alikwambia umkane mama yako?"

Mchungaji akainua mikono. "Wapendwa, tuombe."

"Tutaomba, Pasta. Kwanza ageuzwe, ana kidonda ubavuni. Nani atashika miguu?"

Watu waliangalia sakafu. Kaari alimkodolea macho mwanawe, mdomo uliopinda ukitetemeka bila neno. Mwishowe mchungaji ndiye aliyevua koti, akapiga magoti. Shuka lilipofunuliwa, Kinoti alikiona kile kidonda kwa mara ya kwanza. Akatoka nje.

Hakuomba msamaha, siku hiyo wala baadaye. Lakini Jumapili iliyofuata Gladwell alichukua Biblia yake mapema, akamwachia mumewe beseni na sabuni mlangoni mwa Kaari.

"Uji uko kwenye chupa. Mpe polepole, asipaliwe."

Kinoti alitazama beseni, akakunja mikono ya shati. Gladwell hakungoja kuona zaidi. Alipanda kilima kwenda kanisani akiwa bado amekasirika, akakaa benchi la mbele, akaimba kwa hasira hiyohiyo.