Siri Niliyomtunzia Tabitha

Usiku ule nililala mapema, namba ya mashindano nimeshaibana kwenye fulana kwa pini nne, baiskeli imeegemea ukuta wa sebuleni. Nilikuwa na miaka sitini na mbili. Asubuhi tulitakiwa kuogelea ziwani, kupanda baiskeli, kisha kukimbia, na sisi wazee hatukufika hata kumi. Vijana wa mtaani kwetu hapa Mwanza walishazoea kunicheka, nami nilishazoea kuwapita mlimani.

Usingizi ulinipeleka ufukweni, nikamkuta Tabitha ameshatangulia.

Tabitha alikuwa shoga yangu, mwalimu mstaafu. Tulijifunza kuogelea pamoja tukiwa tayari na wajukuu, tukimeza maji na kulaumiana. Alifia kwenye maji yale yale mwaka uliotangulia, katika mashindano haya haya. Ndotoni nilijua kwamba amekufa na sikuona ajabu. Cha ajabu kilikuwa ukimya: watu wamejaa, mawimbi yanapiga mawe, lakini hakuna sauti.

Alikuwa amepiga magoti, anapanga viatu kando ya baiskeli kama alivyopanga siku zote: juu ya khanga, kamba zimelegezwa, ili mtu akitoka majini avae upesi. Mimi kamba zangu huwa sizilegezi, na alikuwa akinigombeza kwa hilo. Nikaitambua ile khanga. Ndiyo tuliyomfunikia.

"Tabitha, hivyo viatu ni vyangu," nikasema.

Ananishika mkono, anatoa kalamu ya wino mzito. Ilikuwa desturi yetu, kila mmoja kumwandikia mwenzake namba karibu na bega kabla ya kuingia majini. Anaandika taratibu, kwa mwandiko wake wa ubaoni, nami nageuza shingo nisome. Si namba yangu. Ni yake ya mwaka jana, niliyomwandikia kwa mkono wangu huu.

Sasa tupo jikoni kwake, asubuhi ile ya mwisho, chai inachemka. Nimemfunga kipimo cha presha, maana nilikuwa nesi miaka thelathini. Nasoma: imepanda mno. Ameshaniambia kwamba kifua kinambana tangu juzi.

"Usimwambie mtu, shoga yangu. Wakijua watanitoa."

Na mimi, nesi mzima, naitikia kwa kichwa. Nilimpenda mno kumkatalia. Tena, niseme ukweli, niliogopa kuogelea bila yeye.

Chai inafurika, inazima moto, na maji yanatufika magotini. Ni ziwa. Tunatembea kuelekea kilindini, tumeshikana mikono. Kifua changu kinaanza kubana, pale pale kilipokuwa kikibana wiki nzima kila nikipanda mlima kwa baiskeli. Kwenye fomu ya afya niliandika kwamba sina tatizo, nikatia sahihi. Mume wangu nilimwambia ni gesi tu.

Tabitha anasimama. Maji yamemfika kidevuni.

"Ulinitunzia siri yangu," anasema. "Nimekuja kukutunzia yako."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alisema kwa upendo ule ule ulionifanya niitikie kwa kichwa jikoni kwake, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nikavuta mkono. Hakuuachia.

Niliamka nimekaa kitandani, jasho linanitiririka, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Nikaukagua kwa mwanga wa alfajiri. Haukuwa na namba. Mume wangu akageuka.

"Vipi, Mama Neema? Ndiyo unajiandaa?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: ni wasiwasi wa mashindano tu, rudi ulale. Na angeniamini, maana huniamini siku zote.

"Baba Neema, si gesi," nikasema. "Kifua kinanibana wiki nzima. Na Tabitha naye kilimbana. Aliniambia, nikanyamaza."

Hakuuliza la pili. Alivaa shati, akasema twende hospitali. Tulipofika sebuleni, viatu vyangu vya kukimbilia vilikuwa chini ya baiskeli, kamba zimelegezwa. Sikumbuki kuzilegeza. Nikamshika Baba Neema mkono, nikavipita, nikatoka peku.